Farasi wangu wa Limuru avae blanketi gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimechukua farasi jike wa miaka 9, Tharabredi aliyestaafu mbio za Ngong, na nimemweka Limuru. Tangu mvua za masika amepungua mwili. Rafiki yangu aliyeko Uingereza anasisitiza ninunue blanketi la gramu 300 kabla ya Julai. Saisi wangu, mzee wa siku nyingi, anasema farasi hataki nguo, anataka majani. Nimempima kwa kamba kutoka kifuani hadi takoni, ni sentimita 190. Ninunue blanketi gani, na la ukubwa gani? Na nikimpeleka Nanyuki kwa lori avae nini njiani?

JIBU: Marahaba, dada. Saisi wako yuko karibu na ukweli kuliko rafiki yako, ila hajamaliza maneno. Nunua koti la mvua jepesi lisilojazwa kitu ndani, yaani lile linaloandikwa gramu 0 (maana ya gramu hizi nitaieleza tukifika dukani), linalozuia maji na kupitisha jasho. Kama mfuko unaruhusu, ongeza bitana yake ya gramu 100 inayofungwa ndani kwa vishikizo, kwa ajili ya usiku wa Julai, mpaka mwili wake urudi. La gramu 300 liache huko huko Uingereza. Fedha itakayobaki, nunulia nyasi.

Sasa nieleze sababu, maana rafiki yako hakukosea kwa farasi wake. Amekosea kwa farasi wako.

Farasi na binadamu hawasikii baridi sawasawa. Farasi mzima mwenye afya hukaa kwa raha, mwili wake usihangaike kujipasha moto wala kujipoza, hewa ikiwa kati ya nyuzi 5 na 25 hivi. Wale waliozoea theluji za Kanada hustahimili chini ya hapo mbali sana. Sisi tukivuliwa nguo kwenye nyuzi 20 tunajikunyata. Kwa hiyo unaposimama mlangoni mwa banda saa kumi na moja alfajiri, umejitanda shali, ukamtazama na kumwonea huruma, unampimia baridi kwa ngozi yako wewe. Alfajiri za Julai huko Limuru hushuka hadi nyuzi 10 au pungufu kidogo. Kwa farasi aliyeshiba, mkavu, aliyekingwa na upepo, huo ni usiku wa kawaida.

Joto lake analitengeneza mwenyewe. Nyasi anazokula huishia kwenye utumbo mpana, na humo vijidudu huzichachusha kwa saa nyingi, na uchachushaji huo hutoa joto. Ni jiko linalowaka usiku kucha mradi kuna kuni. Nafaka haifanyi hivyo kwa kiasi kile, kwa sababu huyeyushwa mapema kwenye utumbo mwembamba na kwisha. Hapa ndipo maneno ya saisi wako yanapopata uzito: ukiona usiku utakuwa wa baridi, kabla hujagusa blanketi, ongeza nyasi kavu.

Juu ya ngozi ana kinga ya pili, manyoya. Kila unywele una msuli mdogo unaousimamisha baridi ikiingia, na hewa inayonaswa kati ya nywele zilizosimama ndiyo inayomhifadhi. Mafuta ya ngozi nayo hutelezesha maji ya mvua ya kwanza kwanza. Uingereza manyoya haya huota mazito mno kuanzia Septemba, na kinachoamrisha zaidi ni mwanga. Siku zikianza kufupika mwili unajua majira ya baridi yanakuja. Limuru iko karibu mno na Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki dakika kumi, hivyo amri hiyo haiji. Farasi wako anabaki na koti lile lile jepesi mwaka mzima, na Tharabredi kwa asili ni farasi wa ngozi nyororo na nywele fupi.

Hapo rafiki yako angesema, basi si ndiyo sababu ya kumvisha zaidi? Asubiri kidogo. Huko kwao farasi wengi wanaofanya kazi majira ya baridi hunyolewa kwa mashine, shingo, kifua na mbavu, ili wasitokwe jasho jingi chini ya manyoya mazito wakabaki wameloa jioni nzima. Wakishanyolewa hurudishiwa joto kwa nguo. Gramu 300 za Uingereza mara nyingi ni fidia ya manyoya yaliyonyolewa, tena kwenye usiku unaokaribia kuganda. Wewe hujamnyoa, na Limuru haigandi hivyo. Ukimvisha koti hilo saa moja jioni, ukungu ukaondoka saa nne asubuhi na jua la Ikweta likamwangukia, utamkuta amelowa jasho kuanzia kifuani hadi nyuma ya viwiko. Na mnyama wa kilo 450 hupoa polepole. Kumpunguzia farasi joto lililozidi ni kazi ngumu kuliko kumwongezea pale linapopungua.

Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2016 kazi moja ninayoipenda sana. Waliwafundisha farasi 23 kugusa alama kwa pua: alama moja maana yake nivishe, nyingine nivue, ya tatu niache nilivyo. Wote walijifunza ndani ya wiki mbili. Kisha wakaulizwa katika hali mbalimbali za hewa. Siku ya jua na joto waliomba kuvuliwa. Siku ya maji, upepo na baridi waliomba kuvishwa. Ningefurahi kumwona farasi wa Limuru akiulizwa, lakini nadhani najua angegusa wapi mwezi wa saba wakati wa manyunyu.

Maana hilo ndilo tatizo la kwenu. Baridi tupu ya Limuru haina neno. Tatizo ni manyunyu yanayoanza usiku, hayakomi, yanaendelea hadi mchana, huku upepo wa ukingoni mwa Bonde la Ufa ukipita. Manyoya yakishaloa hadi kwenye ngozi yanalala, ile hewa iliyonaswa inatoka, na upepo unabeba joto moja kwa moja. Farasi aliyeona raha kwenye nyuzi 10 akiwa mkavu anatetemeka kwenye nyuzi 10 hizo hizo akiwa ameloa. Akiwa mnono angevumilia, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi yangemsaidia. Wako hana akiba hiyo kwa sasa. Ndiyo maana nasema saisi hajamaliza maneno: majani kweli, lakini na koti la mvua.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: koti la gramu 0 likivaliwa usiku mkavu wenye baridi linaweza kumfanya farasi asikie baridi zaidi kuliko akiwa mtupu. Halina joto lake lenyewe, na uzito wake unalaza manyoya ambayo yangesimama. Kwa hiyo ni koti la mvua kweli kweli. Mvua ikiwapo, avae. Usiku mkavu na yuko bandani, alale bila kitu, au kwa sasa akiwa amekonda, avae likiwa na bitana ya gramu 100 ndani. Atakaporudisha mwili, bitana ipumzike.

Sasa tuingie dukani. Kwenye kibandiko utakutana na namba za aina tatu na zote zinachanganya.

Gramu ni uzito wa ujazo, yaani ile pamba ya polyester iliyoshonwa katikati ya tabaka mbili, kwa kila mita moja ya mraba. Si uzito wa blanketi zima. Gramu 0 maana yake hakuna ujazo. Kati ya 50 na 100 ni jepesi, 200 ni la wastani, 300 kwenda juu ni zito. Denia ni unene wa uzi wa kitambaa cha nje: gramu za uzi huo ukiwa na urefu wa mita 9,000. Denia 600 inatosha kwa farasi mtulivu anayekaa peke yake. Farasi anayeshinda padoki moja na wenzake wanaomng'ata mgongoni kwa mchezo, au padoki yenye ua wa seng'enge, mnunulie 1200 au zaidi. Denia haimpashi joto, inalizuia koti lisichanike. Namba ya tatu ni ya maji, huandikwa kwa milimita, nayo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hakijapenyeza. Ukiona 3,000 uko salama na manyunyu yenu. Pembeni yake tafuta maelezo kwamba kitambaa kinapitisha mvuke wa jasho. Hilo usilikubalie mjadala.

Nasisitiza kwa sababu nimekuta mara nyingi makoti yaliyoshonwa na fundi wa maturubai. Fundi ni hodari, mishono imenyooka, vifungo vya chuma vimekazwa, bei nafuu, na maji hayaingii hata tone. Lakini turubai la plastiki halitoi pia. Livue asubuhi uone: upande wa ndani una matone madogo madogo, na mgongo wa farasi umelowa kana kwamba alinyeshewa. Ukitaka kumpa kazi fundi wa mtaani, mpelekee turubai la pamba nzito, lile la mahema ya zamani, likapakwa nta. Vizazi vya farasi vimevaa kitambaa cha namna hiyo kabla nailoni haijaja. Ni zito, na likiloa ni zito zaidi, ila ngozi inapumua.

Blanketi la nyumbani kutoka Gikomba, lililofungwa kwa mkanda tumboni, nalo nimeliona sana. Bandani, usiku mmoja wa dharura, kwa farasi mtulivu unayemwangalia, sawa. Malishoni hapana kabisa. Halina umbo la mabega, linazunguka, na siku moja litakuwa chini ya tumbo miguu imenasa ndani yake. Na mkanda mmoja unaokazwa juu ya uti wa mgongo ili blanketi lisiteleze unamkandamiza mahali pabaya.

Ukubwa ndio unaoamua zaidi ya gramu zote hizi, na ndipo watu wanapofanya haraka. Sentimita 190 ni inchi 75, na kwa namba za Uingereza hiyo ni futi 6 na inchi 3. Wamarekani hutumia inchi tupu, hivyo tafuta 75, na kama haipo chukua 76. Makampuni ya bara la Ulaya yana njia tofauti: wao hupima mgongo peke yake, kutoka kwenye kilele cha mabega hadi shina la mkia, ndiyo maana utaona 135 au 145 ukadhani ni nguo ya mtoto wa farasi. Usibadilishe kwa hesabu. Mpime upya kwa njia yao.

Na hiyo 190 ningependa mrudie kupima, wewe na saisi, kabla hujalipa. Farasi asimame sakafu tambarare, miguu ya mbele sambamba, kichwa kikiwa katika kimo chake cha kawaida. Anza katikati ya kifua, kamba ipite juu ya sehemu nene kuliko zote ya bega, ifuate ubavu ikiwa imenyooka, iishie kwenye pembe ya nyuma ya tako. Kamba ni sahihi, futi ya fundi cherehani huishia sentimita 150 na watu huiunganisha wakakosea. Ila hakikisha kamba yenyewe haivutiki. Kamba za nailoni zinanyooka, unadhani ni 190 kumbe ni zaidi.

Koti likifika, usikate lebo kwanza. Mpige brashi awe safi, weka shuka safi la pamba chini yake ili likirudishwa dukani lisiwe na nywele, kisha mvishe na umtazame.

Anza juu. Ukingo wa shingo unatakiwa kukaa mbele ya kilele cha mabega kwa upana wa kiganja. Ukiona umekaa juu ya mfupa wenyewe, au nyuma yake, koti ni kubwa au umbo si lake. Wengi hudhani koti kubwa ni salama kuliko dogo. Kinyume chake: koti kubwa huteleza kwenda nyuma kila anapotembea, na likiteleza linavuta ukingo wa mbele juu ya mfupa wa mabega na kubana kifua. Tharabredi ana mabega ya juu na kifua chembamba, kwa hiyo kwake tatizo hili ni la kila siku. Tafuta koti lililokatwa juu shingoni, lenye mto mdogo au kitambaa laini pale juu, na mkunjo wa ziada kwenye bega unaofunguka anapopeleka mguu mbele. Bitana ya mabegani iwe ya satini au nailoni inayoteleza. Pamba hapo husugua.

Halafu mwekee karoti chini. Akiinama kuichukua, angalia kifua: mkanda ukimzama shingoni, ni dogo au umekaza mno. Ingiza kiganja bapa kati ya koti na bega wakati bado ameinama. Kinapaswa kupita bila kusukuma. Zunguka nyuma. Mshono wa mwisho ufike shina la mkia na usipite kwa zaidi ya vidole vichache. Mikanda ya tumbo ipishane katikati, ikiwa na nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ngozi. Ikilegea kuliko hapo ataingiza kwato siku anapolala. Ile ya miguu ya nyuma, kama ipo, pitisha mmoja ndani ya mwenzake kabla ya kuufunga, ili isisugue mapaja.

Baada ya siku tatu nne pitisha vidole mbele ya mabega, kinyume na ulalo wa nywele. Kabla kidonda hakijaonekana utahisi nywele zimekatika, fupi na ngumu, na zikipigwa mwanga zinang'aa kuliko za jirani. Hiyo ndiyo dalili ya mwanzo na hapo bado una nafasi. Baadaye ngozi inabaki uchi, ya kijivu. Nywele nyeupe zikiota juu ya kilele cha mabega, ujue ngozi ilikandamizwa hadi mizizi ya nywele ikaharibika, na rangi yake haitarudi. Huyu ametoka mbioni, huenda tayari anazo kutokana na tandiko. Piga picha sasa, usije ukalisingizia koti.

Kuvisha na kuvua kuna utaratibu, na saisi wako bila shaka anaujua kuliko mimi. Koti likunjwe, liwekwe mbele zaidi shingoni, kisha livutwe nyuma kufuata ulalo wa nywele, kamwe lisisukumwe mbele. Funga kifua, halafu tumbo, halafu miguu. Kuvua ni kinyume: miguu, tumbo, kifua mwisho. Koti lililofungwa nyuma tu, mbele limeachiwa, likiteleza linaishia kwenye miguu ya nyuma, na farasi aliyenaswa hivyo hamsubiri mtu.

Livuliwe kila siku. Nasema kila siku hata kama kunanyesha wiki nzima. Ingiza mkono chini yake, nyuma ya bega, uusikilize. Pakavu na vuguvugu, vizuri. Pana unyevu au joto la kubanana, amevishwa kupita kiasi. Masikio ya baridi peke yake hayakuambii kitu. Kutetemeka kunakuambia, na farasi anayetetemeka chini ya koti lililoloa hadi ndani anahitaji kuvuliwa na kukaushwa. Usimwongezee blanketi juu ya maji.

Ukiliacha koti mgongoni siku nyingi, unyevu na joto vitamkaribisha bakteria anayeitwa Dermatophilus congolensis. Jina hilo la pili ni la jirani zetu: aliandikwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1915, kwa ng'ombe. Utagusa vigamba vidogo mgongoni na kiunoni kabla hujaviona. Kigamba kikitoka hung'oka na kishungi cha nywele, na chini panabaki pabichi, pekundu. Mkaushe, mwache bila nguo kwenye hewa, niite. Choa nacho hupita kutoka farasi mmoja hadi mwingine kwa kuazimana mablanketi na brashi. Kwenye banda la watu wengi, andika jina la farasi kwenye koti lake kwa kalamu isiyofutika, na asiguse mtu.

Kuhusu nguo nyingine zinazouzwa nitapita haraka. Shuka la jasho, lile la fulana nene ya polyester, ni rahisi na lina faida: akirudi kutoka mazoezi jioni ameloa, mvishe hilo nusu saa, jasho lipite juu, kisha livuliwe. Blanketi la kulalia bandani, lisilozuia maji, kwa hali yako halina kazi, maana koti lenye bitana linatosha. Likikujia bure pokea, lakini lisitoke nje.

Neti ya wadudu nitasimama kidogo, kwa sababu hapa kwetu wadudu wanaua kuliko baridi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia machweo hadi mapambazuko, na huwa vingi baada ya mvua hali ya hewa inapokuwa na joto. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili. Farasi asiye na chanjo akiupata, mara nyingi hufa. Hakuna koti litakalochukua nafasi ya chanjo ya kila mwaka, na kumwingiza bandani kabla ya jua kuzama. Neti yenye dawa ya permethrin inasaidia juu ya hayo mawili. Kumbuka neti za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya nzi, na matundu yake usubi anapita bila kuinama. Ukinunua, uliza ile ya matundu madogo kabisa, inayofunika na shingo na tumbo.

Mchana tatizo ni pange. Kuna neti zinazouzwa zikiwa na mistari ya punda milia na wengi huzicheka. Mwaka 2019 watafiti waliwavisha farasi huko Uingereza makoti ya mistari, meusi na meupe, wakahesabu pange: waliotua kwenye mistari walikuwa wachache sana. Kichwani, ambako hakukuvishwa kitu, hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo cheka, lakini ukipata kwa bei moja na ile ya kawaida, chukua ya mistari.

Koti ukilipata, jua ndilo adui yake. Lisianikwe juu ya seng'enge mchana kutwa, nailoni huoza kwa jua la nyanda za juu, na mishono ndiyo ya kwanza kuachia. Tundika kivulini penye upepo. Lioshe kwa maji baridi na brashi ngumu, tope likishakauka. Sabuni ya unga na maji moto huondoa ile dawa inayozuia maji, kisha utalaumu kiwanda. La mtumba si baya. Limwagie maji kutoka nje likiwa limetandazwa juu ya pipa, subiri robo saa, pitisha mkono ndani kwenye mishono ya mgongoni. Na kabla halijamgusa farasi wako lioshwe kwa dawa ya kuua fangasi.

Sasa kuhusu kukonda, ambako ndiko kulikokufanya uandike. Blanketi halitamnenepesha. Tena linaficha: farasi aliyefunikwa asubuhi na jioni anaweza kupoteza mwili mwezi mzima bila mtu kuona mbavu. Kila Jumapili, likiwa limevuliwa, pitisha kiganja kwenye mbavu na uzungushe tepu ya uzito nyuma ya viwiko, uandike. Kilo 450 zinahitaji nyasi kavu kama kilo 9 kwa siku, na nyasi ya Boma Rhodes iliyovunwa ikiwa imekomaa mno inajaza tumbo bila kulisha, hivyo angalia kama bado ina majani au ni mabua matupu. Wasiliana nami tumwangalie meno, maana kingo kali humfanya ateme nyasi zilizotafunwa nusu. Leta kinyesi tuhesabu mayai ya minyoo kabla ya kumpa dawa. Na kwa farasi aliyetoka mbioni, vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno: akiiacha nafaka na kukimbilia nyasi, au akikunja masikio unapomfunga mkanda wa tandiko, niambie mapema. Haya matatu yana uwezekano mkubwa wa kuwa chanzo kuliko baridi yoyote ya Limuru.

Safari ya Nanyuki, asivae kitu. Farasi akisafiri hujishikilia kwa misuli muda wote, naye hutoa joto jingi, na lori lenye farasi wawili hupata fukuto hata nje kukiwa na baridi. Fungua madirisha ya juu, upepo usimpige machoni. Mkiondoka alfajiri kuna ukungu, avae shuka jepesi la pamba hadi Thika, saisi alivue mtakaposimama kumpa maji. Lile koti la mvua pakia kwenye gari, maana mkifika mchana na mawingu ya Mlima Kenya yamefunga, mtalihitaji wakati wa kumshusha.